Data Imegoma Ugenini: Mwongozo Kamili wa Kurudisha Intaneti ya Simu Ukiwa Nje ya Nchi

Ukishuka Dubai, Muscat, Istanbul au Guangzhou na kuzima hali ya ndegeni, kitu cha kwanza kuingia kwenye simu huwa ile SMS ya kukaribishwa kutoka kampuni yako ya nyumbani. Wengi wakiiona hushusha pumzi: laini imeshika, mambo safi. Dakika tano baadaye WhatsApp bado inazunguka, ramani haifunguki, na mwenyeji wako hajui utatokea mlango gani. SMS ile haikudanganya, ila ilisema jambo dogo kuliko ulivyodhani. Ilisema mtandao wa kigeni umeipokea laini yako, basi. Kupitisha data ni ruhusa nyingine, ina masharti yake, na inaweza kukwama mahali kadhaa tofauti.

Kwa hiyo usianze kubonyeza kila kitu kwenye mipangilio. Mtu akibadilisha vitu sita kwa pamoja, data ikirudi hajui kilichoirudisha, na isiporudi ameshaongeza matatizo mapya juu ya lile la mwanzo. Anza kwa kuangalia juu ya kioo, kwa sababu alama za pale zinakuonyesha uanzie wapi.

Soma alama za mtandao

Ukiona maneno ya hakuna huduma, au simu za dharura pekee, laini yako haijapokelewa na mtandao wowote wa pale. Kuhangaika na bando wakati huu ni kupoteza muda. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya kuchagua mtandao kwa mkono, na ile ya uwezo wa simu yenyewe.

Ukiona vijiti vya mtandao vipo lakini pembeni hakuna 4G, LTE wala 5G, laini imepokelewa ila data haijaruhusiwa. Hapa ndipo wasafiri wengi hukwama, na mara nyingi sababu ni moja kati ya tatu: romingi (huduma ya kutumia laini yako kwenye mtandao wa nchi nyingine) imezimwa kwenye simu, romingi haijafunguliwa na kampuni yako, au hakuna bando wala salio linalofanya kazi nje ya nchi.

Ukiona vijiti na 4G vyote vipo lakini hakuna kinachofunguka, au programu moja ndiyo imegoma huku nyingine zikienda, basi tafuta kizuizi ndani ya simu, au kwenye sheria za nchi uliyofika, au angalia kama bando limekwisha.

Fanya jaribio moja la haraka kabla ya kuendelea: zima Wi-Fi kabisa. Simu nyingi huunganika zenyewe na Wi-Fi ya uwanja wa ndege au hoteli ambayo bado inasubiri ujaze namba ya chumba, na muda wote huo wewe unailaumu laini.

Data yako hupitia wapi

Sehemu hii inaonekana ya kitaalamu, lakini ukiielewa nusu ya mafumbo yanajitegua yenyewe.

Ukiwa Dubai na laini ya Tanzania au Kenya, simu yako huongea na mnara wa e& au wa du, kampuni za simu za huko. Lakini kwa kawaida data yako haiingii kwenye intaneti palepale. Hubebwa mpaka kwa kampuni yako nyumbani, ikatokea huko, kisha majibu yakarudi kwa njia ileile. Matokeo yake ni haya.

Kwanza, APN (jina la mlango wa data, ambalo tutalikagua hatua ya 5) unayohitaji ni ya kampuni yako ya nyumbani. Kuna watu wanaofika Muscat, wakaambiwa na rafiki waandike APN ya Omantel, kampuni ya simu ya huko, na papo hapo wakaua laini ambayo ilikuwa imebakiza kuwashiwa romingi tu.

Pili, kasi itashuka hata kama mnara uko jirani na dirisha lako, maana kila ukurasa unaoufungua unasafiri hadi Afrika Mashariki na kurudi. Simu ya video itachelewa kidogo hata ufanyeje, na hiyo haimaanishi simu yako ni mbovu.

Tatu, vizuizi vya nchi mwenyeji mara nyingi havikupati. China imefunga Google, WhatsApp, Facebook na Instagram. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou wanaotumia laini ya nyumbani kwa romingi huendelea kuchati WhatsApp kama kawaida, ilhali mwenzao aliyenunua laini ya China, au aliyejiunga na Wi-Fi ya hoteli, hapati kitu. Ukikwama China, jaribu kuzima Wi-Fi kwanza. Ni kinyume cha mazoea ya msafiri, lakini pale ndivyo ilivyo.

Hatua ya 1: Washa na uzime hali ya ndegeni

Iwashe, hesabu hadi thelathini, izime, kisha subiri dakika mbili au tatu bila kugusa kitu. Simu italazimika kujitambulisha upya kwenye mtandao. Laini ya kigeni huchelewa kuliko ya wenyeji, kwa sababu mtandao wa pale lazima uulize kwanza nyumbani kama wewe ni mteja halali. Isipokubali, zima simu kabisa na uiwashe tena. Ikigoma baada ya hapo, usirudie mara ishirini, songa mbele.

Hatua ya 2: Romingi, na laini inayobeba data

Kwenye Android nenda Mipangilio, kisha Mtandao na Intaneti, kisha SIM. Simu iliyowekwa Kiswahili inaweza kuiita romingi matumizi ya mitandao ya ng'ambo. Kwenye iPhone swichi hiyo imo ndani ya data ya simu, ukigusa laini husika. Kumbuka kila laini ina swichi yake. Kama simu ina laini mbili, unaweza kuwa umewasha romingi kwenye laini ya kwanza huku data ikitoka kwenye ya pili.

Hivyo hakikisha mambo mawili kwa pamoja: laini uliyonunulia bando ndiyo iliyochaguliwa kubeba data, na romingi imewashwa kwenye laini hiyohiyo.

Kuna mtego hapa wa kuchunga fedha yako. iPhone na baadhi ya Android zina mpangilio unaoruhusu simu kuhama yenyewe kwenda laini ya pili pale ya kwanza inapolegea. Nyumbani ni msaada. Ugenini unaweza kuvutwa kwenye laini ambayo haina bando la nje na salio lote likayeyuka huku ukidhani unatumia eSIM (laini ya ndani ya simu isiyo na kadi ya plastiki) uliyoilipia. Uzime kabla ya safari.

Hatua ya 3: Bando la nyumbani halivuki mpaka

Bando la mwezi ulilojiunga Dar es Salaam au Mombasa kwa kawaida halifanyi kazi nje ya nchi, hata kama limebaki na gigabaiti kumi. Ukitaka kutumia laini hiyo nje unahitaji bando la romingi, ambalo huuzwa kwa nchi au kwa kundi la nchi. Soma orodha ya nchi kwa makini, kisha soma majina ya mitandao iliyotajwa chini yake. Baadhi ya vifurushi hufanya kazi kwenye mtandao mmoja tu wa nchi hiyo, na simu ikijichagulia mtandao mwingine, ama data inagoma ama unalipishwa bei ya bila bando.

Kwa laini ya malipo ya kabla, romingi yenyewe huenda haijafunguliwa kabisa. Kampuni nyingine huifungua kwa menyu ya nyota na reli, nyingine kwenye programu yao, nyingine hutaka uende dukani na kitambulisho. Lifanye jambo hili kabla hujaondoka, siku mbili tatu mapema. Ukishafika, menyu ya nyota na reli inaweza isijibu, programu haifunguki bila intaneti, na namba fupi ya huduma kwa wateja haipatikani kutoka nje. Hifadhi kwenye simu namba kamili ya huduma kwa wateja, ile inayoanza na +255, +254 au msimbo wa nchi yako.

Wasafiri wa Afrika Mashariki wana swali lao la kudumu: si tuliambiwa romingi imefutwa? Mpango wa mtandao mmoja wa ukanda huu ulianza mwaka 2014 kati ya Kenya, Uganda na Rwanda, na lengo lake lilikuwa hasa bei za kupiga na kupokea simu. Usichukulie kwamba data yako ya Nairobi itaendelea Kigali kwa bei ileile. Uliza kampuni yako kuhusu data peke yake.

Ndugu zetu walioko Ulaya wana mtego wa aina yake. Tangu 15 Juni 2017, laini ya nchi ya Umoja wa Ulaya hutumika kwenye nchi nyingine za umoja huo bila nyongeza ya bei, ndani ya kiwango cha matumizi ya haki. Uswisi haimo kwenye sheria hiyo, na Uingereza ilishajitoa. Mtu anayesafiri kwa treni kutoka Ujerumani kwenda Italia kupitia Uswisi anaweza kukatiwa data katikati ya safari, au kupata bili ya kushangaza, bila simu yake kuwa na tatizo lolote.

Hatua ya 4: Chagua mtandao kwa mkono

Nchi moja ina mitandao miwili, mitatu au zaidi, na kampuni yako haina mkataba wa data na yote. Simu ikiachwa ijichagulie inaweza kung'ang'ania wenye mawimbi makali kuliko wenye mkataba.

Ndani ya mipangilio ya SIM, zima chaguo la kuchagua mtandao kiotomatiki. Simu itatafuta kwa dakika moja hadi tatu, kisha italeta orodha. Chagua mmoja, subiri dakika mbili, jaribu kufungua ukurasa. Ukikataliwa, chagua mwingine.

Wakati mwingine orodha huleta tarakimu badala ya majina, na watu huogopa. Tarakimu tatu za kwanza ni msimbo wa nchi, zinazofuata ni za kampuni. Falme za Kiarabu ni 424: ukiona 42402 hiyo ni e&, iliyokuwa ikiitwa Etisalat, na 42403 ni du. Oman ni 422, ambapo 42202 ni Omantel na 42203 ni Ooredoo. Saudi Arabia ni 420: 42001 ni STC, 42003 ni Mobily, 42004 ni Zain. Kwetu, Tanzania ni 640, Kenya 639, Uganda 641.

Misimbo hii inasaidia pia wanaoishi au kufanya biashara mipakani. Namanga, Sirari, Holili, Horohoro: simu iliyoachwa kiotomatiki inaweza kudaka mnara wa upande wa pili ukiwa bado umesimama nchini mwako, na bando la nyumbani likakata ghafla. Dawa ni hiihii, ila kinyume: chagua kwa mkono mtandao wako, na uzime romingi.

Kwenye ndege na meli kubwa za abiria kuna mitandao ya setilaiti inayojitokeza kwenye simu kama mitandao mingine yoyote. Bei zake ni za kutisha. Ukiwa hewani au katikati ya bahari ya mbali, acha hali ya ndegeni imewashwa.

Hatua ya 5: Kagua APN

APN ni jina la mlango ambao data yako hupitia ndani ya kampuni ya simu. Likikosewa herufi moja, vijiti vitajaa, simu zitapigika, SMS zitaingia, na data haitakwenda. Huko nyumbani kampuni nyingine husamehe APN iliyokosewa. Mitandao ya nje haina huruma hiyo, ndiyo maana simu iliyokuwa ikifanya kazi Arusha hugoma Doha ikiwa na mipangilio ileile.

Kwenye Android, mahali hapa pako chini kabisa ya mipangilio ya SIM. Laini ya Vodacom Tanzania hutumia neno internet, bila jina la mtumiaji wala nenosiri. Safaricom ya Kenya hutumia safaricom, jina la mtumiaji saf, nenosiri data. Kama umenunua laini ya wenyeji, tumia APN yao: du kwa du, etisalat.ae kwa e&, taif kwa Omantel, jawalnet.com.sa kwa STC ya Saudia. Andika kwa herufi ndogo, bila nafasi mwishoni. Kibodi ya simu hupenda kuongeza nafasi na herufi kubwa bila kukuuliza.

Ukiwa hapohapo, angalia mstari wa itifaki ya APN kwa matumizi ya ng'ambo. Ukiwa umewekwa IPv6 peke yake, jaribu IPv4, au IPv4/IPv6. Ukimaliza bonyeza hifadhi, na uhakikishe kile kiduara cha APN hiyo kimechaguliwa. Wengi huandika kila kitu sawasawa halafu wanatoka bila kuhifadhi.

Kwa iPhone, kama uliwahi kuweka wasifu wa mipangilio wa kampuni nyingine ya simu, wasifu huo hushika APN na hauachii. Utafute kwenye sehemu ya VPN na usimamizi wa kifaa, uufute, kisha uzime na kuwasha simu.

Hatua ya 6: Je, simu yako inaongea na minara ya huko?

Hapa ndipo mambo huwa magumu, maana mipangilio haiwezi kuongeza kifaa ambacho hakimo ndani ya simu.

Nchi nyingi zimezima mitandao ya zamani. Marekani, kampuni zote tatu kubwa zilizima 3G mwaka 2022: AT&T Februari, T-Mobile Julai, Verizon mwishoni mwa Desemba. Australia, Telstra na Optus zilifuata Oktoba 2024. India, kampuni ya Jio haikuwahi kuwa na 2G wala 3G. Ilianza na 4G mwaka 2016. Kama simu yako imewekwa kwenye 3G pekee ili kuokoa chaji, au ndiyo mwisho wa uwezo wake, Marekani, Australia, au kwa laini ya Jio, itabaki saa na tochi. Nenda kwenye aina ya mtandao inayopendelewa na uchague 4G au 5G yenye kujirekebisha yenyewe.

Lakini hata 4G si moja. Kila nchi hurusha kwa masafa yake, na masafa hayo hupewa namba za bendi. Simu nyingi za Tecno, Infinix na itel zinazouzwa kwetu zimetengenezewa masoko ya Afrika na Asia, zikiwa na bendi kama 1, 3, 7, 20 na 40. Marekani na Kanada hutegemea sana bendi 2, 4, 12, 66 na 71. Matokeo yake ni simu nzuri kabisa inayoshika mtandao barabarani na kuupoteza ukiingia ndani ya nyumba, au isiyoshika kabisa. Kabla ya kwenda Marekani tafuta orodha ya bendi za toleo halisi la simu yako na uilinganishe na za kampuni utakayotumia. Ikiwa hazikutani, nunua simu ya bei nafuu ukifika. Usitupe pesa kwenye laini ya tatu na ya nne.

Kwa Ghuba, Uturuki, India na Ulaya, simu zetu huwa hazina shida hiyo kwa sehemu kubwa.

Hatua ya 7: Vizuizi ndani ya simu yenyewe

Ikiwa 4G ipo na bando lipo, pitia haya moja baada ya jingine.

Zima VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mbali. Kuna ambao waliiwasha miezi iliyopita na wamesahau ipo. Seva yake ikigoma, intaneti yote hugoma nayo. Zima pia DNS ya faragha kwenye Android, au iweke kiotomatiki. DNS ndiyo hugeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Njia rahisi ya kulipima hili: fungua kivinjari na uandike 1.1.1.1 mahali pa anwani. Ukurasa huo ukifunguka huku tovuti za majina zikigoma, basi tatizo ni DNS.

Angalia tarehe na saa. Tarehe ya simu ikikosea kwa siku nzima au zaidi, au mwaka ukawa si sahihi, tovuti salama zinaweza kukataa kufunguka kwa madai kwamba muunganisho si wa faragha. Weka saa ijirekebishe yenyewe.

Kiokoa data, kiokoa betri na kikomo cha matumizi ya data ulichojiwekea nyumbani huzuia programu zisifanye kazi chinichini. Dalili yake ni ujumbe wa WhatsApp kuingia kwa mkupuo pale tu unapoifungua. Kama programu moja ndiyo iliyogoma, gusa jina lake kwenye mipangilio na uone kama imeruhusiwa kutumia data ya simu na data ya ng'ambo.

Na kama kinachogoma ni simu za sauti na video za WhatsApp tu, huku ujumbe ukienda, na uko Falme za Kiarabu kwa laini ya huko au Wi-Fi ya hoteli, simu yako haina kosa. Simu hizo zimefungwa kule, na wakazi hutumia programu zilizoruhusiwa kama BOTIM. VPN utaambiwa na kila mtu, ila sheria ya makosa ya mtandao ya nchi hiyo ina adhabu nzito kwa anayetumia anwani ya kujificha kufanya kosa. Mimi nisingeweka safari yangu rehani kwa ajili ya simu ya video. Mpe jamaa yako aliyeko nyumbani BOTIM mapema.

Ukitumia eSIM ya safari

eSIM za wauzaji wa kimataifa kama Airalo zimerahisisha mambo kwa kiasi kikubwa, na kwa safari ya siku chache ndizo ninazozipendelea. Ila zina maudhi yake.

Kwanza jua kama simu inazikubali: piga *#06#. Ukiona namba ya EID (ya eSIM) pamoja na IMEI (namba ya utambulisho wa simu), kifaa kipo. Matoleo ya iPhone kuanzia XS na XR ya mwaka 2018 yanazo, isipokuwa yale mengi ya China bara ambayo hubeba laini mbili za kawaida. Upande wa pili, iPhone za Marekani tangu 14 hazina tundu la laini kabisa, na iPhone 17 ya mwaka 2025 inayouzwa Falme za Kiarabu, Saudia, Oman na Qatar iko hivyohivyo. Anayekununulia simu Dubai aulizwe jambo hili kabla hajalipa, hasa kama unategemea kuhamisha laini ya plastiki.

Simu iwe huru pia. Zile zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani mara nyingi zimefungwa kwa kampuni moja hadi zilipwe zote, na zitakataa laini nyingine yoyote, iwe ya plastiki au eSIM. Uingereza ilipiga marufuku kampuni za simu kuuza simu zilizofungwa Desemba 2021, kwa hiyo za tangu hapo zina nafuu.

Pakua eSIM ukiwa nyumbani kwenye Wi-Fi, kwa sababu kuipakua kunahitaji intaneti, kitu ambacho ndicho unachokikosa ukifika. Kwa Uturuki ushauri huu ni wa lazima: mwaka 2025 nchi hiyo ilifunga tovuti na programu za wauzaji kadhaa wa eSIM wa kigeni, na usipoweka yako kabla ya kuingia unaweza kushindwa kuinunua ukiwa ndani. Soma pia muda wa bando unaanza lini. Nyingine huanza kuhesabu siku unayoiweka, nyingine siku inayoshika mtandao wa nchi husika.

Ikiwekwa na kugoma, sababu ya kwanza ni ileile ya romingi. Muuzaji wa eSIM si kampuni ya nchi unayokwenda. Laini yake nayo ni mgeni pale, hivyo lazima romingi iwashwe kwenye eSIM hiyo. Watu huogopa kuiwasha kwa kukumbuka bili za zamani. Iwashe kwenye eSIM, iache imezimwa kwenye laini ya nyumbani, na hakuna atakayekulipisha mara mbili.

Usiifute eSIM kwa hasira ili uiweke upya. Msimbo wa QR mara nyingi hutumika mara moja tu. Zima laini hiyo kwa swichi yake, washa tena, kagua APN aliyokutumia muuzaji, kisha mwandikie.

Laini ya nyumbani usiitoe. Iache imewashwa bila data, ili namba za siri za benki na za M-Pesa ziendelee kuingia kwa SMS. WhatsApp nayo ikikuuliza kama umebadilisha namba, jibu hapana. Itaendelea na namba yako ya zamani juu ya data ya eSIM.

Ukinunua laini ya wenyeji

Inunue kwenye duka rasmi, uwe na pasipoti, na usiondoke dukani kabla ya kuzima Wi-Fi na kufungua ukurasa mmoja mbele ya muuzaji. Nchi nyingi husajili laini kwa pasipoti, na usajili usipokamilika laini inaweza kufanya kazi siku ya kwanza halafu ikakatwa.

Uturuki wana kanuni ya IMEI: simu ya kigeni ikitumia laini ya Kituruki bila kusajiliwa hufungiwa baada ya siku 120, na ada ya kuisajili ni kubwa. Kwa mtalii haina maana, kwa mwanafunzi ni jambo la kupanga. Laini ya romingi na eSIM ya kigeni haziguswi na kanuni hiyo.

Mahujaji wajue jambo moja. Siku za Mina na Arafat vijiti vitajaa na data haitasogea, kwa sababu mamilioni wamo kwenye minara hiyohiyo. Usibadilishe APN, usinunue bando jingine. Tuma SMS, kubalianeni mapema mahali pa kukutana, pakua ramani ya Makka mkiwa hotelini, na jaribu tena usiku wa manane.

Silaha ya mwisho, na namna ya kuomba msaada

Yote yakishindwa, hamishia laini kwenye simu nyingine kwa dakika tano. Ikifanya kazi huko, mbovu ni simu yako au mipangilio yake. Isipofanya kazi, mbovu ni laini au mkataba, na hakuna utakachobonyeza kitakachosaidia.

Kama ni simu, weka upya mipangilio ya mtandao. Picha na ujumbe havifutiki, ila nenosiri zote za Wi-Fi, vifaa vya Bluetooth na APN ulizoandika kwa mkono vitapotea, kwa hiyo zipige picha kwanza. Baadhi ya Android huweka hapo kisanduku cha kufuta eSIM pia. Hakikisha hakina alama ya tiki.

Kama ni laini, tafuta Wi-Fi na uandikie huduma kwa wateja. Ujumbe wa data haifanyi kazi utajibiwa uzime na kuwasha simu. Andika hivi: namba yangu ni hii, niko Muscat, nimeunganika na Omantel, simu zinapigika, data haipiti, romingi imewashwa, APN ni hii, nimejaribu Ooredoo pia, nimejaribu simu nyingine, bando nililonunua ni hili na tarehe hii. Waombe wakague kama romingi ya data imefunguliwa kwenye laini yako na watume upya usajili wako kwenye mtandao. Ukiandika hivyo, unaruka maswali yote ya mwanzo na kufikishwa kwa mtu mwenye uwezo wa kugusa laini.

Ukirudi, kabla hujatoka uwanja wa ndege, rudisha uchaguzi wa mtandao uwe kiotomatiki. Mtandao uliouchagua kwa mkono uko Muscat. Simu itaendelea kuutafuta huo hapo Dar es Salaam na kukuandikia hakuna huduma. Zima romingi, rudisha data kwenye laini ya nyumbani, na ile eSIM izime tu kwa swichi. Wauzaji wengi huruhusu kuijazia bando jipya safari ijayo.